Spidi imekwama kwenye tisa na haisogei: maswali yenu ya intaneti

Mwezi huu karibu barua zote ni za spidi. Hii ya Amu (Lamu) nimeiweka mbele na nimeipa nafasi kubwa, nyingine zitanisamehe, manake aliyeandika alikubali kufanya kila nilichomwambia afanye na jibu likapatikana, kitu ambacho si kawaida kwa wasomaji wangu (mnajijua).

SWALI: Salaam aleikum fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Amu, mtaa wa Mkomani, nyumba yetu ni ya kale ya mawe na sabule tunalaza wageni, wengine wanakuja na laptopu zao wanafanya kazi za kwao wiki mbili tatu. Intaneti yetu ni ya antena, kile kisahani kiko juu darini kinaangalia mnara, tunalipia Mbps 30 na miezi minane tulikuwa tunapata 28, 29, sina neno. Sasa tangu ijumaa ya juzi, siku moja baada ya ile mvua kubwa, spidi imeanguka ghafla, mgeni akipiga simu ya video na mwanangu yuko kwenye gemu basi wote wawili wanaganda kama sanamu. Nimepiga simu kwa kampuni mara nne, kila mara ni kijana mwengine na kila mmoja ananiambia zima rauta hesabu mpaka thelathini uwashe, nshaizima mpaka kitufe kimelegea. Wao wanasema kwao kuko sawa. Shemeji akasema rauta imezeeka, nikanunua mpya shilingi 4,500, hali ni ile ile. Yule wa mwisho kaniambia nipande kifurushi cha 50. Nilipe au nihame? *Mama Watatu, Mkomani.*

JIBU: Wa aleikum salaam Mama Watatu. Usilipe, na kuhama pia ngoja kwanza.

Mimi kabla sijagusa waya wala kitufe huwa naangalia namba, je inacheza au imesimama? Ukipima sasa ukapata 12, ukipima tena 4, tena 19, hiyo namba inacheza, na namba inayocheza maana yake kuna kitu kinagombaniwa, ama hewa ya waifai, ama njia ya pamoja na majirani, ama signo ya antena inakuja ikipotea. Lakini ukipima asubuhi, mchana na usiku ukapata namba ile ile hakuna kugombania hapo, kuna mlango umefungwa nusu mahali na upana wake ni huo huo saa zote. Ndo maana nilikupigia nikakuomba vipimo vitatu kabla sijakujibu hapa.

Na wengine muige alivopima. Alichomeka laptopu kwenye rauta kwa waya, akazima waifai kabisa, akawaambia watoto na wageni wavumilie dakika tano, halafu akapima mara tatu kwa siku. Bila waya hupimi intaneti, unapima waifai yako, na kwenye nyumba ya mawe hayo ni mambo mawili mbali mbali (nitarudi hapo). Majibu aliyonitumia: alfajiri baada ya swala 9.4, adhuhuri 9.4, usiku saa tatu 9.3. Kupakia pia 9.3.

Hebu tuwatoe washukiwa mmoja mmoja. Waifai siyo, amepima kwa waya. Msongamano wa watu siyo, alfajiri Amu nani anaangalia filamu, na bado ni 9.4. Kuna aliyesema ni bahari, na hilo si la kuchekwa, signo ikivuka maji sehemu yake inagonga uso wa bahari na kuruka, inafika kwenye antena imechelewa kidogo inavurugana na ile iliyokuja moja kwa moja, kwa hiyo njia inayopita juu ya maji kweli inaweza kuwa nzuri maji yakijaa na mbaya yakipwa au kinyume chake. Lakini ingekuwa bahari namba ingepanda na kushuka na maji, siku za bamvu ungeiona wazi wazi. Yako haijui maji yamejaa wala yametoka. Kikomo cha data nacho nilikifikiria sana, manake kampuni nyingi ukishatumia kiasi fulani kwa mwezi wanakubana mpaka tarehe mpya ifike, na spidi ya kubanwa husimama pahala pamoja vilevile. Ukaulizia, wakakwambia kifurushi chako hakina kikomo. Na rauta? Zile 4,500 zako ziliuma lakini zilijibu swali moja, rauta haikuwa mgonjwa.

Basi imebaki 9.4 yenyewe, na hiyo namba mimi naijua kwa jina.

Vifaa viwili vikiungwa kwa waya wa intaneti huwa vinasalimiana kwanza, vinakubaliana vizungumze kwa spidi gani. Kwa vifaa vyetu vya nyumbani ngazi kwa kawaida ni tatu: 10, 100 na 1000. Haziko 30 wala 50 hapo katikati. Kila pakiti, yaani kila kipande cha data kinachosafiri, inabeba na anwani zake na mizigo mingine ya safari, kwa hiyo ngazi ya 100 ukiipima unapata kama 94, na ngazi ya 10 unapata kama 9.4. Umeona? Mnara unakutumia 30 zako zote, antena inazipokea zote, halafu kati ya antena na rauta kuna mita kumi na tano za waya ambazo zimeamua kuongea kwa lugha ya zamani. Ungelipia 50 ungepata 9.4. Ungelipia 500 ungepata 9.4, na kijana wa simu angekuambia hongera kwa kupanda kifurushi.

Ili tusibahatishe nilikwambia ufungue ukurasa wa rauta, kwa wengi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, uangalie pale panapoandikwa WAN (tundu linalopokea waya wa kutoka kwenye antena) pana spidi gani. Ukanitumia picha. 10M. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kulikoni.

Kwa nini waya ushuke ghafla hivo? Ndani ya waya wa intaneti kuna nyuzi nane. Ngazi ya 10 na ya 100 zinatumia nne tu, ya 1000 inataka zote nane. Hizi antena ndogo za darini nyingi ni za ngazi ya 100, nyuzi nne zinabeba data na nne zilizobaki zinapandisha umeme kutoka kile kiboksi cheusi kilichochomekwa ukutani. Sasa ile plagi ya juu, iliyoingia chini ya antena, kifuniko chake cha mpira kikilegea kidogo tu upepo wa bahari unaingiza chumvi, chumvi inakaa kimya miezi, siku mvua ikinyesha maji yanaiamsha. Vile vipini vya shaba vinaota kutu ya kijani. Vikiliwa vipini vya data na vya umeme vikasalimika, antena inawaka taa zote kama kawaida, kampuni wakiichungulia kutoka ofisini wanaiona hai na signo ni nzuri, wanakwambia kwetu kuko sawa na wala hawadanganyi. Ila antena na rauta zinashindwa kuelewana kwa 100, zinashuka 10 ilimradi zisikatike kabisa. Afadhali ingekatika, wallahi, ungeletewa fundi siku hiyo hiyo.

Huyo fundi wa mtaani uliyempata alifanya vizuri na gharama ilikuwa ndogo kuliko rauta: alizima umeme kwanza ndo akapanda (wengine wanapanda na umeme uko, msifanye), akakata kama shubiri moja ya waya mpaka akafika kwenye shaba safi, akabana plagi mpya, akairudisha na kifuniko. Jambo moja hakulifanya nami nakuomba umwambie arudi alifanye. Waya unaoingia kwenye antena usiteremke moja kwa moja kutoka juu, aulegeze ushuke chini ya plagi kidogo kisha upande kuingia, hivo maji ya mvua yatafuata waya mpaka pale chini yadondoke, yasiende kunywa kwenye plagi. Na nje ya nyumba utumike waya wa nje, ule mweusi, manake ule wa kijivu wa ndani jua la darini linaupasua ganda.

Baada ya hapo ulipima ukapata 28.6. Alhamdulillahi.

Sasa ile rauta ya pili usiiuze, nilisema nitarudi kwenye nyumba ya mawe. Mababu zetu walijenga kwa matumbawe na chokaa, kuta pana unaweza kumlaza mtoto juu yake, joto halipiti na waifai haipiti, wao hawakuwa na habari. Waifai ya 5 GHz ni ya haraka lakini ukuta mmoja wa namna hiyo unaimaliza, ya 2.4 inajitahidi kidogo, ukuta wa pili nayo inasalimu amri. Nilikuuliza rauta umeiweka wapi ukanijibu kwa fahari, kwenye kidaka. Mama Watatu! Kidaka ni cha sahani za kichina na marashi, ukiiweka rauta mle umeizungushia jiwe pande tano na kuiachia upande mmoja wa kupumulia. Itoe iwe kwenye msana (ule ukumbi mrefu), juu kidogo, mahali inapoona milango miwili mitatu, manake milango na uwazi wa kiwanda (ua wa ndani) ndiyo njia zake. Halafu ile ya zamani iburute kwa waya mpaka sabule iwahudumie wageni peke yao, waya uupitishe juu sambamba na boriti hata hauonekani. Vile viboksi vya kurudia signo bila waya mimi sivipendi kwenye nyumba zetu, vinapokea signo iliyochoka na kuigawa tena ikiwa imechoka zaidi, na vingi vinakula nusu ya spidi njiani.

SWALI: Fundi mambo. Niko Malindi, Kisumu Ndogo. Nina faiba ya Mbps 20, mchana iko fiti kabisa, ikifika saa mbili usiku inakufa mpaka saa tano hivi, inazunguka zunguka tu. Nikipima napata 3, mara 11, mara 6. Nimebadilisha pasiwedi nikidhani majirani wananiibia, wapi. *Kijana wa Kisumu Ndogo.*

JIBU: Poa kijana wangu. Yako inacheza, tena inacheza na saa, kwa hiyo kuna kugombania na swali ni kama ugomvi uko ndani ya nyumba au nje.

Anza ndani, manake huko ndiko watu hawaangalii. Saa mbili usiku kila mtu amerudi, amechomeka simu kwenye chaja, na simu ikiona waifai na umeme inaanza kupandisha picha na video zote za siku hiyo kwenye bekapu. Ukiwa na kamera ya ulinzi inayotuma picha kwenye intaneti nayo inapandisha usiku kucha. Watu wanasema aa si hiyo ni kupakia mimi nataka kushusha, lakini kila mzigo unaoshuka simu yako lazima irudishe neno kwamba umefika, na njia ya kupanda ikijaa neno linachelewa, yule anayetuma huko mbali anadhani njia imeharibika anapunguza mwendo. Njia ya kupanda ndogo ikijaa inaweza kuziba ya kushuka kubwa. Nimeona nyumba nzima inalia kwa sababu ya simu moja ya binti aliyetoka harusini na video mia mbili.

Kwa hiyo leo usiku saa tatu toa kila kitu kwenye rauta, chomeka laptopu kwa waya, pima. Ukipata 19 au 20 basi mchawi ni wa humo humo, weka bekapu zifanyike alfajiri, kamera zipunguzie ubora, na kama majirani wote wana rauta basi kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, hizo tatu ndizo zisizokanyagana, yule aliyejiweka kwenye 3 anadhani ni mjanja kumbe anaingiliana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja.

Ukipata 4 kwa waya na nyumba iko tupu, ni la kampuni. Faiba inayoingia kwako haiko peke yako, uzi mmoja unagawanywa kwa kioo kidogo kwenda nyumba 32 au hata 64, na mbele zaidi kampuni inanunua njia ya kwenda nje na kuwagawia wateja wote ikitegemea hamtatumia kwa wakati mmoja. Usiku mnatumia kwa wakati mmoja. Hapo kuzima na kuwasha hakutasaidia kitu. Andika siku saba, tarehe, saa, namba, piga picha za skrini, kisha uwatumie kwa pamoja kwa maandishi, si kwa simu, manake simu haiachi alama. Wakikaa kimya, Mamlaka ya Mawasiliano inapokea malalamiko ya wateja, ila watakuuliza kwanza kama uliwalalamikia wenyewe na ushahidi uko wapi, ndo hizo picha.

Kabla hujafika huko lakini angalia ule uzi mwembamba unaoingia kwenye kiboksi cha faiba, kama umesukumwa nyuma ya kabati ukakunjika kona kali. Faiba inabeba mwanga, ukiikunja sana mwanga unatoka nje kwenye kona, na watu wanaikunja kama waya wa pasi. Taa nyekundu ikiwaka kwenye kiboksi, pale palipoandikwa LOS, usihangaike na vipimo vingine, mwanga haufiki, waite.

SWALI: Kila intaneti ikilala tunaambiwa kebo ya baharini imekatika. Ni kweli au ni kisingizio? *Mzee wa Shela.*

JIBU: Shikamoo mzee. Yote mawili. Intaneti ya nje inatufikia kwa kebo zinazopanda nchi kavu Mombasa, TEAMS tangu 2009 kutoka Fujairah, SEACOM mwaka huo huo, EASSy mwaka uliofuata na nyingine baadaye. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja upande wa kusini na Afrika Mashariki nzima iliona, siku ile hakuna aliyetudanganya. Lakini kebo ikikatika inawapiga wengi, kwa hiyo kabla hujaamini muulize jirani mwenye kampuni nyingine. Yake ikiwa nzima na yako imelala, usikimbilie kuamini kebo, ingawa inawezekana kampuni yake inatumia kebo nyingine. Pia pima mara mbili, kwanza ukichagua seva (kompyuta ya kupimia) ya Mombasa au Nairobi, halafu ya Ulaya. Ya hapa ikiwa nzuri na ya Ulaya mbovu, tatizo liko safarini. Zote mbili mbovu, tatizo huenda haliko baharini, liko huku huku kati yako na kampuni yako. Na usishangae YouTube inacheza siku ya kebo kukatika na tovuti nyingine hazifunguki, video zinazotazamwa sana huwa na nakala zimehifadhiwa karibu, hazivuki bahari kila mara.

SWALI: Fundi nimelipia Mbps 40 lakini nikishusha faili kompyuta inaandika MB 5 kwa sekunde, haizidi. Naibiwa 35. Nimeshawatukana. *Mwenye hasira, Malindi.*

JIBU: Kampuni zinauza kwa biti (Mbps), kompyuta inahesabu kwa baiti (MB), na baiti moja ni biti nane. 40 gawanya kwa 8. Mpigie yule kijana umwombe radhi.